Wakuu, "symbolic" kwa Kiswahili tunasemaje?

Mtafsiri Mpya: Habari wakuu. Natafsiri ripoti ya mradi wa maji kutoka Kiingereza, na neno "symbolic" limenitoa jasho. Kuna "symbolic cheque", kuna "symbolic fee" wanayolipa wanakijiji, halafu bomba lenyewe eti ni "symbolic of unity". Kote nimeweka "-a kiishara". Bosi kairudisha jana, kazungushia "hundi ya kiishara" wino mwekundu na kuandika pembeni: "Ndiyo nini hii?" Anaitaka kesho saa nne.

Kalamu Kavu: Mkuu, taarifa ya habari husikilizi? "Mfano wa hundi". Lile libango linaloshikwa na watu watatu wapigwe picha, benki halitoi hata shilingi.

Bi Shangazi: Na hiyo ada, mwanangu, ni kama kishika uchumba. Hakimtajirishi mtu, kinaonyesha tu kwamba umedhamiria. Andika "ada ndogo ya kuonyesha kuwa mradi ni wao". Ndefu, lakini inaeleweka.

Mtafsiri Mpya: Asante shangazi. "Ada ya jina tu" je?

Bi Shangazi: Hapo umewadharau.

Kalamu Kavu: Ila dharau nayo imo humo. Mwingereza akisema uamuzi fulani ni "purely symbolic", anamaanisha ni geresha, hakuna kitakachobadilika. Soma sentensi nzima kwanza.

Mwalimu wa Jioni: La bomba ndilo jepesi. Wenzetu wanatumia kivumishi, sisi nomino inatutosha: "ni ishara ya umoja". Mwenge uliwashwa Kilimanjaro 9 Desemba 1961, na mpaka leo tunasema ni ishara ya uhuru, si "mwenge wa kiishara". Hiyo "-a kiishara" mimi naiogopa. Andika "lugha ya kiishara" uone, msomaji atawaza viziwi wanaoongea kwa mikono, wewe ulikuwa na maana ya shairi. Kwenye fasihi, wenzetu wa Kenya wanafundisha "taashira", lakini usimpelekee mwanakijiji.

Mtafsiri Mpya: Nimebadilisha zote tatu. Sasa nimekuta ya nne! Kisima cha zamani kina "symbolic value" kwa wazee.

Bi Shangazi: Kina maji?

Mtafsiri Mpya: Kimekauka, ila hawataki kifukiwe.

Bi Shangazi: Basi andika wazee wanakienzi, ukalale.