Kichwa kinatoa unga hii Julai, nimepaka mafuta hadi nimechoka, nisaidieni

Dada_wa_Zimmerman:
Wadau habari zenu, mwenye anajua mambo ya kichwa anisaidie jameni. Nimesuka rasta, hii ni wiki ya tano, na tangu baridi iingie kichwa kinaniwasha hadi usiku naamka kukipiga piga makofi kama mtu anaua mbu. Jana ndani ya matatu ya kwenda tao mama mmoja alikuwa nyuma yangu akaanza kunipangusa bega polepole, akaniuliza mami leo ulipika chapati asubuhi? Koti ni nyeusi. Nilitamani kushukia hapo Roasters na manyunyu yote.

Sasa vile nafanya, kila usiku napaka mafuta ya nazi mstari kwa mstari, asubuhi kunatulia, siku ya pili unga umerudi na wenzake. Kuoga naoga na instant shower ikiwa moto kabisa na hayo maji napitisha kichwani maana ndio yanatuliza kuwashwa. Shampuu sijatumia tangu nisuke, naogopa rasta zichanuke. Hii ni baridi inakausha ngozi ama ni mba? Na wiki ya kwanza ya Agosti tuko na ruracio (sherehe ya mahari) ya sister yangu, picha zitapigwa, siwezi enda nikimwagika unga kwa mabega ya wazee.

Baridi_Imeniweza:
Pole dada, hata mimi kila Julai ni hivo hivo. Kamua ndimu tatu, paka kwa ngozi, kaa nayo nusu saa. Itawasha kidogo lakini inaua kila kitu.

Hapana_Chezea_Kichwa:
Ndimu wachaneni nayo. Mimi nilipaka nikiwa nimejikuna hadi kumetoka vidonda, nililia machozi bafuni na jirani akabisha mlango kuuliza kama niko sawa. Ngozi ilibabuka wiki mbili. Ndimu ni ya samaki.

Kemisti_wa_Mtaa:
Nafanya kazi kwa duka la dawa na Juni hadi Agosti hii story naisikia kila siku. Kabla mtu akuambie paka hii paka ile, jibu haya. Huo unga ni mdogo mkavu mweupe unadondoka wenyewe, ama ni magamba makubwa yenye mafuta mafuta yanaelekea manjano na yanashika kwa nywele? Nyuma ya masikio kuko aje? Pembeni ya pua na kwa nyusi kunabambuka? Na ngozi ya miguu na mikono imepauka kuliko kawaida?

Mkenya_Minnesota:
Naongezea hapo kwa Kemisti. Huku Januari ndio utajua ngozi kavu ni nini. Hewa ya nje ikiwa chini ya sifuri haibebi maji mengi, halafu unaiingiza ndani unaiwashia hita usiku kucha, inakuwa kama umekaa ndani ya kikaango. Midomo, visigino, ngozi ya kichwa, vyote vinapasuka pamoja, ndio watu wananunua kale kamashine ka kutoa mvuke chumbani. Sasa Nairobi Julai ni mawingu na manyunyu, usiku inashuka hadi 10 ama 12 hivi, na nani ana hita? Kama ni kichwa peke yake kinasumbua na miguu iko sawa mimi singelaumu hewa, ningelaumu hiyo shawa ya moto kwanza. (Na kama kuna mtu hapa analala na jiko la makaa ndani ndio apate joto aache leo, gesi yake haina harufu na inaua.)

Kinyozi_Umoja:
Wanaume wenye mnasoma kimya kimya, ile spiriti mnapakwa baada ya kunyolewa ndio inawakausha. Mwambie kinyozi aoshe mashine na spiriti, si kichwa chako.

Dada_wa_Zimmerman:
@Kemisti_wa_Mtaa nimeenda kwa kioo na tochi ya simu. Ni makubwa, ya manjano manjano, nikikuna yanakwama ndani ya kucha kama nta. Nyuma ya masikio ndio kubaya zaidi, na pembeni ya pua kunabambuka nilikuwa nafikiria ni poda. Miguu iko tu sawa.

Kemisti_wa_Mtaa:
Basi hiyo inakaa mba, si ukavu. Kuna fangasi inaitwa Malassezia inaishi kwa ngozi ya kila mtu, kazi yake ni kula mafuta ya kichwa, kwa wengine ngozi inakasirika inaanza kutoa magamba. Sasa wewe kila usiku unaipikia. Mafuta ya nazi yanalainisha magamba ndio maana asubuhi unaona afadhali, lakini hiyo fangasi inakula hayo mafuta pia, siku mbili umerudi pale pale. Ungekuwa na ngozi kavu ya kweli ningekwambia punguza moto wa maji, shampuu laini, mafuta kidogo kukiwa bado na unyevu, yaishe.

Uliza shampuu ya ketoconazole ya asilimia 2. Inapakwa kwa ngozi, si kwa nywele, unaikalia dakika tatu hadi tano ndio unasuuza, watu wengi hukosea hapo wanapaka na kutoa saa hiyo hiyo. Kwa kawaida ni mara mbili kwa wiki kwa wiki mbili hadi nne, ila nywele zetu hukauka haraka, wengine hufanya mara moja kwa wiki na kondishona kwa urefu wa nywele. Ikikosa kusikia baada ya mwezi, ama nywele zianze kutoka, ona daktari wa ngozi.

Mama_wa_Wawili:
Na ikiwa ni mtoto ana viduara vimetoka nywele, hayo huenda ni mashilingi (fangasi ya kichwa), peleka kliniki apewe dawa ya kumeza. Mimi nilipaka krimu mwezi mzima bure, haiingii kwa mizizi ya nywele.

Msusi_Dubois:
Dada fumua. Najua inauma na pesa ulilipa lakini wiki ya tano na magamba ya manjano hakuna shampuu itafika hapo chini vizuri. Na usifumue ukiosha siku hiyo hiyo kabla ya kuchambua, ule uchafu wa kwa mizizi ukilowa unageuka gundi, utakata nywele na makasi ukilia. Chambua kwanza na vidole, fungu kwa fungu.

Kitu kingine, hii Julai nywele haikauki. Watu wanaosha rasta jioni, wanalala zikiwa mbichi, wanavaa mavin (kofia ya baridi) juu, asubuhi kichwa kinanuka kitambaa cha jikoni. Osha asubuhi ya siku uko nyumbani.

Dada_wa_Zimmerman:
Nimerudi na majibu. Nilifumua Jumapili, masaa matano, nilitandika gazeti chini na sitawaambia nilichoona hapo. Nimeosha mara tatu na hiyo shampuu, mafuta ya nazi nimerudisha jikoni, maji ya kuoga siku hizi ni vuguvugu na kila asubuhi natukana. Kuwasha kumeisha kama wiki moja sasa, nyuma ya masikio bado kidogo. @Msusi_Dubois ruracio ni Jumamosi, nikisuka matutu sita tu ya kurudi nyuma, bila rasta, si ni sawa?

Msusi_Dubois:
Ni sawa, mradi tusivute. Kuja Ijumaa, Jumamosi asubuhi foleni huwa hadi kwa ngazi. Na kuja ukiwa umeosha.