Umeme ukikatika sampu inamwaga, ukirudi tangi la juu nalo linamwaga

Mkazi_wa_Gorofani

Wakuu, salaam. Nina tangi la maji ya bahari sebuleni, gorofa ya pili, Mbezi Beach. Urefu 120, upana 50, kina 50, zote sentimita. Sampu, yaani tangi dogo la chini la kuchujia maji, iko kabatini chini yake: 75 kwa 35, kina 40, na maji yake kwa kawaida yanakaa kwenye 30. Kioo hakijatobolewa. Maji yanashuka kwa boksi la kuning'inia ukingoni mwa tangi lenye bomba moja la U la inchi moja, yanapandishwa na pampu ya lita 3000 kwa saa. Mdomo wa paipu ya kupandisha umezama kama sentimita 5.

Juzi usiku umeme ulikatika, sampu ikafurika. Nilikusanya maji kwa dekio, ndoo ya lita 10 ikakaribia kujaa. Umeme uliporudi alfajiri, nikasikia maji yanateremka nje ya kioo cha tangi la juu. Yaani pande zote mbili! Jirani wa chini alipanda kuuliza kama bomba letu limepasuka, dari yake ya jipsamu ina doa la mviringo.

Fundi aliyenifungia anasema ninunue valvu ya kuzuia maji yasirudi, basi nimemaliza. Ni kweli? Ndani kuna samaki wa anemoni wawili, konokono kadhaa na matumbawe laini. Natanguliza shukrani.

MamaSampu_Tanga

Mdogo wangu, pole, na pole kwa jirani pia. Hayo ni mafuriko mawili tofauti, na valvu ya fundi wako inagusa moja tu, tena kwa kubahatisha.

Tuanze na la kwanza. Pampu ikizimika, paipu ya kupandisha inageuka kuwa mpira wa kunyonyea: maji ya tangi la juu yanarudi kupitia humo humo mpaka mdomo wake uvute hewa. Mdomo wako umezama sentimita 5. Eneo la tangi ni 120 kwa 50, kwa hiyo kila sentimita moja ya maji ni lita 6. Tano ni lita 30. Weka na lita 3 hivi zilizokuwa njiani kwenye mapaipu na boksi, jumla 33. Sampu yako kila sentimita ni lita 2.6, na umeiachia sentimita 10 tu juu, yaani lita 26. Lita 7 zilikuwa hazina pa kwenda zaidi ya sakafuni. Ndiyo hiyo ndoo yako.

Dawa yake ni bure. Pandisha mdomo wa paipu ubaki umezama sentimita moja na nusu. Hapo zitarudi lita 9 na zile 3 za njiani, sampu ipande chini kidogo ya sentimita 5, isimame karibu na 35. Wengine hutoboa tundu dogo la milimita 4 kwenye paipu chini tu ya uso wa maji ili livute hewa mapema. Linafanya kazi, ila mwani na chumvi hulipenda sana, lisiposafishwa linaziba kimya kimya. Mimi naamini zaidi mdomo ulio juu kuliko tundu.

Halafu zima pampu kwa makusudi, mchana, ukiwa umesimama hapo na taulo. Subiri maji yatulie kabisa, yakitulia washa tena, yakae kwenye mwendo wake, uchore mstari kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kioo cha sampu. Huo ndio mwisho wa kujaza. Watu wengi hujaza sampu kwa jicho, wakiona nafasi wanaongeza ndoo, ndiyo maana mafuriko huja usiku.

La pili ndilo linalonitisha. Bomba la U linashusha maji kwa sababu limejaa maji tupu. Viputo vikijikusanya pale juu kwenye kona, linashika hewa, na umeme ukirudi pampu inapandisha lakini hakuna kinachoshuka. Hapo swali ni moja: chumba cha pampu kwenye sampu kina maji kiasi gani juu ya mdomo wa pampu, na tangi la juu lina nafasi kiasi gani mpaka ukingoni? Nipe vipimo hivyo.

Mkazi_wa_Gorofani

Shikamoo dada. Chumba cha pampu ni 30 kwa 35, maji juu ya mdomo wa pampu sentimita 24. Tangi la juu nafasi ni sentimita 2 na nusu.

MamaSampu_Tanga

Marahaba. Chumba kina lita 25, nafasi ya juu ni lita 15. Bomba la U likishika hewa wakati wowote, hata umeme ukiwepo, lita 10 zitamwagika kabla pampu haijaanza kuvuta hewa. Inua pampu kwenye kijukwaa cha plastiki sentimita 12 kutoka ilipo. Zitabaki lita 12 na kitu za kupandishwa, nazo zinaenea juu bila kumwagika. Angalia tu pampu isije ikakaukiwa, kwa sababu maji yakipungua kwa mvuke, upungufu huonekana hasa kwenye chumba hicho.

Baharia_wa_Kigamboni

Kwa heshima dada, valvu si mbaya kiasi hicho. Ninayo, haijawahi kuniangusha.

MamaSampu_Tanga

Kaka, sikatai, iweke ukipenda. Ila ifungue uitazame ndani. Ya kwangu niliifungua nikakuta ule ukoko mgumu wa waridi umeota kwenye ulimi wake, na gamba la kikonokono kidogo kama punje ya mchele limekaa pale pale pa kufungia. Ulimi hauwezi kukaa sawa hapo. Kama hesabu ya sampu imekaa vizuri bila valvu, iwepo. Kama hesabu inaitegemea valvu, hapana.

Fundi_Umeme_Ilala

Samahani naingilia, hakuna aliyeuliza kuhusu umeme. Mleta mada, ekstensheni yako iko wapi? Kama iko sakafuni ndani ya kabati, itoe leo. Ifunge ukutani juu ya usawa wa sampu, na kila waya uning'inie ushuke chini ya soketi kisha upande, ili maji yakifuata waya yadondokee chini na si ndani ya soketi. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri mno. Ukikuta sakafu imelowa, usiingize mguu. Zima meni swichi kwanza. Mwombe fundi akuwekee ile swichi inayojikata yenyewe umeme unapovuja, ya miliampia 30.

Mkazi_wa_Gorofani

Ilikuwa sakafuni. Nimeshaitoa.

Baharia_wa_Kigamboni

Kuhusu bomba la U, dawa ya kudumu ni kutoboa kioo. Kabla ya yote hakikisha si kioo cha tempa (kilichokazwa kwa joto), maana hicho ukikigusa na drili kinageuka changarawe. Kama ni cha kawaida, tumia drili ya duara yenye almasi, mwendo wa polepole, maji yakitiririka muda wote. Toboa matundu mawili. Moja la kushusha lenye geti valvu ya kurekebishia, la pili la dharura, mdomo wake juu kidogo, linakaa kavu siku zote. Ukimaliza ziba la kwanza kwa kiganja uone kama la dharura linabeba maji yote peke yake. Kama halibebi, badilisha lenye paipu nene. Na weka meno au wavu mbele ya boksi. Konokono wako wanapanda kila mahali, na mmoja anatosha kuziba paipu ya inchi moja.

Faida nyingine ya la dharura: maji yakianza kupita humo utasikia kelele. Ukisikia, ujue tundu la kwanza limeanza kuziba.

MamaSampu_Tanga

Hapo nakubaliana na baharia moja kwa moja. Mpaka utakapotoboa, funga swichi ya boya kwenye tangi la juu, sentimita moja juu ya usawa wa kawaida, ikate pampu maji yakipanda. Mara moja kwa wiki iinue boya kwa kidole uone kama pampu inazima.

Jambo lingine ambalo hujauliza. Maji uliyokusanya kwa dekio ni ya chumvi, kwa hiyo rudisha ya chumvi. Ukiwa na kifaa cha kujazia maji baridi chenyewe, kitaona sampu imepungua na kujaza yasiyo na chumvi. Kwenye mfumo wa lita 300, lita 20 za namna hiyo zinashusha chumvi kutoka sehemu 35 kwa elfu hadi chini ya 33. Samaki watavumilia, matumbawe yatanywea. Na ukienda kuchota maji ya bahari, nenda maji yakiwa yamejaa, mbali na mdomo wa mto. Msimbazi usiusogelee kabisa, na masika pima chumvi ya kila ndoo.

Mkazi_wa_Gorofani

Nimepandisha mdomo na kuinua pampu. Nimezima mara tatu leo, sampu inasimama kwenye 34 na nusu. Nikachomoa bomba la U kwa makusudi, tangi la juu limepanda likabaki na sentimita kama nusu mpaka ukingoni, pampu ikaanza kukoroma hewa, nikaizima. Sakafu kavu. Ila skima, kile kifaa cha kutoa uchafu kwa povu, nayo ilitapika povu nilipowasha, kikombe kikajaa maji meupe.

MamaSampu_Tanga

Hiyo ni kwa sababu sampu ilikuwa imejaa, na skima inataka usawa wake ule ule wa siku zote. Iweke kwenye plagi yenye kuchelewesha, iwake dakika 10 baada ya pampu. Na jirani umempelekea nini?

Mkazi_wa_Gorofani

Nimemlipia rangi ya dari. Anasubiri jipsamu ikauke.