Ibrahimu kumwita mkewe dada: ile imani ilikuwa wapi?

mtumishi_mdogo:
Wakuu habari za jioni. Jumatano kwenye kikundi chetu cha kujifunza neno tulikuwa Mwanzo 20, mama mmoja akanibana hadi nikaishiwa maneno, nikamwambia ntarudi na jibu. Ishu ni hii. Mwanzo 12 njaa imepiga Kanaani, Abramu anashuka Misri, na kabla hata hajaingia anamwambia Sarai sema we ni dada yangu wasije wakaniua. Sawa, ndo kwanza katoka Harani na miaka yake 75, bado mgeni na haya mambo, tumsamehe. Ila miaka kama 24 baadaye, ashapiga wafalme wanne na vijana wake 318, ashaonyeshwa nyota, ashaambiwa kabisa mwakani Sara anazaa, anafika Gerari anarudia muvi ileile! Mama akauliza "huyu ndo baba wa imani?" Nisaidieni, Jumatano haiko mbali.

Kobe Mpole:
Hakurudia mkuu, hakuwahi kuacha. Soma 20:13, anamwambia Abimeleki, mfalme wa Gerari aliyemchukua Sara, kwamba tangu wanatoka kwao walishapatana, kila watakapofika Sara aseme huyu ni kaka yangu. Na kuna kitu watu wanakiruka, kaka ndo anapelekewa posa. Mume unamuua umpate mke, ila kaka unambembeleza, naye anakuzungusha njoo kesho, mahari bado ndogo, huku usiku wanafunga mizigo waondoke. Kwa mgeni asiye na ukoo wa kumtetea hesabu ilikuwa nzuri tu, shida Farao haposi, Farao anachukua. Halafu jamaa akapewa kondoo, ng'ombe, punda, watumwa, ngamia na AKAPOKEA. Mimi uongo naumeza, hao ngamia ndo wananikaba.

zege_halilali:
Na mtoto karithi 😂 Isaka Gerari hiyohiyo kasema Rebeka ni dada yake, Abimeleki kachungulia dirishani akamkuta anamchezea huyo "dada".

bint_pwani:
Mie Muislamu napita tu, lakini kisa hiki kipo hata kwenye Bukhari, kitabu chetu cha hadithi za Mtume. Nabii Ibrahim a.s. alimwambia Sara hapa duniani hakuna muumini ila mimi na wewe, kwa hiyo ni dada yake katika dini, hakukusudia uongo wa hivihivi. Na kwetu Sara hakai kimya, anatawadha, anasali, anaomba dua, yule mfalme jabari kila akitaka kumgusa anashikwa hadi anamwomba Sara amwombee. Mwisho akamwachia na kumpa mtumishi, Hajar, juu.

Dereva Masafa:
Mi napiga Dar–Lubumbashi mwaka wa tisa. Safari ya kwanza wenzangu walishanijaza, ukivuka Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, usimwamini mtu. Gari ikanifia usiku porini, nikafunga milango mimi na utingo tukanyamaza kimya, mtu anagonga kioo, hatufungui. Asubuhi tunashuka tunamkuta mzee kakaa kwenye jiwe na bakuli la bukari, ndo ugali wao, limeshakauka juu, anasema "mulikatala kufungula". Sikuwa na la kumjibu. Ndo maana nikifika pale Ibrahimu anaulizwa umeona nini kwetu hata ukafanya hivi, naye anajibu nilidhani mahali hapa hamna hofu ya Mungu, namuelewa sana. Wakati mwenye hofu ya Mungu siku ile alikuwa Abimeleki, kaamka asubuhi na mapema, kaita watumishi wake wote kawasimulia ndoto ambayo Mungu alimwonya kwamba Sara ni mke wa mtu, wakatetemeka.

Kobe Mpole:
Na akampiga kijembe mbele ya Sara, "nimempa NDUGU YAKO vipande elfu vya fedha" 😅

mtumishi_mdogo:
Asanteni sana wakuu. Dereva hiyo ya bukari naiba. Ila bint_pwani umeniongezea kazi, nimepekua 12 na 20 zote, Sara hasemi kitu, neno lake pekee analisema Abimeleki kwa niaba yake. Yule mama lazima aulize yeye Sara aliogopa nini. Nafikiri Jumatano hii nimwachie aongoze yeye.