Kusomea uandishi wa maandiko ya miradi: nianzie wapi?

Mdau_Dodoma
Wakuu, habari za majukumu. Nina diploma ya maendeleo ya jamii, nataka kuwa mwandishi wa maandiko ya kuombea asasi ruzuku. Naona matangazo ya kozi za siku tano kwa laki sita, na cheti juu. Hicho cheti kina uzito, au kuna njia nyingine? Hesabu hatupatani, nasema mapema.

Kalamu_Nyekundu
Mkuu, mfadhili anasoma andiko, hasomi cheti cha aliyeliandika. Kipo cha Marekani cha waandishi wa ruzuku, GPC, ila kinadai uzoefu kwanza na mtihani wake umekaa kimfumo wa kwao. Si cha kuanzia.

Anza na usimamizi wa miradi. Mwongozo wa Project DPro (zamani ukiitwa PMD Pro) unapakuliwa bure, na jukwaa la mtandaoni la Kaya lina kozi za bure. Kisha tafuta tangazo la ruzuku lililokwisha muda, lichapishe, pigia mstari kila "lazima", ujibu kama vile unaomba kweli.

Wengi hukwama kwenye bangokitita (logframe, jedwali la malengo, viashiria na uthibitisho wa mradi) kwa kuchanganya zao, yaani kilichofanyika, na matokeo, yaani kilichobadilika. "Akina mama 60 wamefundishwa kutunza hesabu" ni zao tu. "Akina mama 40 kati ya hao 60 bado wanaandika mauzo kila siku, miezi sita baada ya mafunzo" ndiyo matokeo, na uthibitisho wake ni madaftari yao, si karatasi ya mahudhurio. Ukishindwa kutaja utakachokwenda kukagua, badilisha kiashiria, yaani kipimo chako.

Bi_Mhasibu
Hesabu huikwepi, mdogo wangu. Ukiandika "Mafunzo: 3,500,000" msomaji hajui umeitoa wapi. Ichambue:

Posho: watu 30 x siku 3 x 20,000 = 1,800,000
Ukumbi: siku 3 x 150,000 = 450,000
Chakula: watu 33 x siku 3 x 12,000 = 1,188,000
Jumla: 3,438,000

Hao 33 ni washiriki, wawezeshaji wawili na dereva. Sema hivyo kwenye maelezo ya bajeti. Kosa linaloua maandiko mengi ni simulizi kusema washiriki 40 huku bajeti ina 30, kwa sababu kila sehemu imeandikwa na mtu wake, usiku wa mwisho.

Jua pia ukomo wa gharama za uendeshaji, zile za ofisi zisizo za shughuli za mradi moja kwa moja. Umoja wa Ulaya kwa kawaida hauvuki 7% ya gharama za moja kwa moja. Ruzuku ndogo za ubalozi wa Japani kwa miradi ya jamii zinalipia majengo na vifaa, hazilipi mishahara. Ukiweka mshahara wa mratibu humo umejikaanga mwenyewe.

Mdau_Dodoma
Shukrani sana. Je, asasi ikisema itanipa 10% fedha zikitoka?

Kalamu_Nyekundu
Kataa. Maadili ya chama cha waandishi wa ruzuku cha Marekani, GPA, yanakataza malipo ya asilimia. Isitoshe, wafadhili wengi hawakubali gharama zilizotangulia mkataba, kwa hiyo hiyo 10% itabidi ifichwe kwenye kifungu kingine, na mkaguzi ataikuta. Patana bei ya kazi: nusu mwanzoni, nusu ukikabidhi. Na usiandike hata sentensi moja kabla hujaona cheti cha usajili na hesabu zilizokaguliwa. Wafadhili wakubwa huomba za miaka miwili au mitatu, na asasi isiyonazo hutupwa nje kwenye mchujo wa kwanza.