Wajukuu wa Mwalimu 🐂 (Kimilili, tarehe 27)

Jumapili, 14 Desemba

Nekesa 07:31
Mulembe wote. Narudia kwa sababu wiki jana mlijifanya hamkuona. Tarehe 27, Jumamosi, kwa babu yetu, Kuka, Kimilili. Tunatazama vita vya mwisho vya Bleach, ile anime (katuni) ya Kijapani, episodi ya 1 hadi ya 40. Zote ninazo kwa hadi disiki. Kila mtu 300: tokeni za stima, nyama, unga, sukari.

Nekesa 07:32
Andika jina na "nipo". Nukuu, ongeza lako, tuma.
1. Nekesa nipo

Nekesa 09:15
Watu 19 wameona. Aliyeandika ni mmoja, na ni mimi.

Shangazi Rose 09:22
Amina 🙏🙏

Nekesa 09:22
Shangazi, amina ya kuja ama amina ya ibada?

Barasa 09:40
1. Nekesa nipo
2. Barasa nipo kama nyama ipo

Nekesa 09:41
Nyama inatoka kwa hiyo 300

Barasa 09:43
Basi hivi
2. Barasa nipo kama pesa ya tenti itaonekana kwanza 😂

Nekesa 09:43
Mambo ya tenti tulimaliza.

Barasa 09:44
Ulimaliza wewe

Khisa 11:02
Nimepiga hesabu. Episodi 40 mara dakika 24 ni saa 16. Tukianza saa nne asubuhi tunamaliza saa nane usiku. Hapo hakuna mtu amekula wala kwenda choo.

Nekesa 11:04
Tunaruka nyimbo za mwanzo na za mwisho

Barasa 11:04
Nyimbo haziguswi

Brian 11:06
Na sisi ambao bado hatujatahiri tunaruhusiwa kutazama?

Barasa 11:07
Wewe msinde kaa kwa foleni ya Agosti. Huko ndiko utaonyeshwa panga

Shangazi Rose 11:10
Barasa wacha kutisha mtoto

Wafula 12:03
Mimi niko na swali kabla mtu achange. Kwa nini tuendeshwe mpaka Kimilili, nauli ya Desemba vile tunaijua, kurudia kitu kiliharibika na tunajua kiliharibika?

Nekesa 12:05
Umeshakuja. Nilijua ni wewe

Nekesa 12:11
Wafula sikia. Anime ilikatika Machi 2012 ikiwa episodi 366. Unakumbuka tulikaa likizo yote ya Agosti tukiuliza yule jamaa wa sidii kama imekuja, anatuuzia zile za zamani za Bount tena na kava imebadilishwa. Kubo, mwenye Bleach, akaendelea kuchora manga, yaani vitabu vya picha, peke yake mpaka Agosti 2016. Sura 686, vitabu 74, miaka 15, kila wiki. Vita vilianza vizuri, hiyo hata wewe huwezi kukataa. Halafu mwisho akaharakisha kama mtu ameona matatu ya mwisho ya Kapsokwony inawasha injini. Tukamtukana wote. Hata mimi. Lakini tangu Oktoba 2022 wameirudisha, na Kubo mwenyewe amekaa na wale wa anime anawaambia hapa niliruka, hapa weka hivi. 13, halafu 13, halafu 14. Bado sehemu ya nne. Nataka tuangalie tena tukiwa na akili ya sasa, si ile ya 2016.

Wafula 12:14
Hotuba nzuri

Wafula 12:19
Sasa nijibu. Bankai mpya ya Ichigo, ile nguvu ya mwisho ya upanga wa shujaa wetu, tumeingoja miaka. Inatoka, Yhwach, adui mkuu, anaivunja kabla haijakata hata nyanya. Hiyo ni moja. Yhwach anaona kesho yote na anaibadilisha vile anataka, halafu anaangushwa na mshale wa fedha ambao babake Ishida, yule rafiki ya Ichigo, alikuwa nao mfukoni muda huo wote. Mbili. Kikosi Sifuri, wale wa juu kabisa, tuliambiwa watano wao ni sawa na jeshi lote la makapteni. Wakapigwa kama kuku wa mgeni. Tatu. Naweza kufika ishirini.

Khisa 12:22
Ya pili nakubaliana. Mtu ambaye anaona kesho huwezi kumwandikia vita. Kila akipigwa ni lazima utafute kisingizio cha kwa nini hakuona. Hiyo anime haitaponya, ni ugonjwa wa mifupa.

Khisa 12:24
Lakini ya tatu Wafula umepitwa. Kwenye manga walipewa kurasa chache ndio. Kwenye anime wamepewa nafasi yao. Episodi ya 26. Umeiona?

Wafula 12:25
Niliachia 13

Nekesa 12:25
KUMBE

Nekesa 12:26
Mtu amekaa miaka miwili anatukana chungu na hajaonja! Mtu asimwambie 26 iko na nini. Barasa haswa wewe.

Barasa 12:27
Mimi nimesema nini sasa

Wafula 12:29
Wewe? Agosti 2016 nimelala na kidonda siku ya nne, hata kuketi siwezi. Huyu anainama mlangoni na kile kisimu chake, hajasalimia, "Wafula, Orihime ameolewa na Ichigo, wako na kijana anaitwa Kazui." Nilikuwa sijasoma sura kumi za mwisho. Wakubwa walikuwa wamenikataza kulia kwa sababu ya kisu. Nikalia kwa sababu ya Barasa.

Shangazi Rose 12:30
Ndio maana ulilia?? Sisi tulidhani ni dawa ya majani

Khisa 12:30
😂😂😂😂

Barasa 12:31
Nilikuwa nakuletea habari ya harusi upone haraka

Brian 12:32
Na Rukia je?

Barasa 12:32
Renji. Wako na msichana

Wafula 12:33
Unaona? UNAONA? Mtoto ameuliza tu kidogo na huyu amemaliza

Nekesa 12:35
Turudi kwa hoja. Mpaka sasa nina majina mawili na moja liko na masharti. Naomba Nasimiyu, Wanjala, Junior, Shangazi, mseme kitu.

Nekesa 12:58
Basi hata tiki

Khisa 13:05
Wafula mimi nikwambie kitu kimoja halafu ninyamaze. Vita vya makapteni wawili, Unohana na Kenpachi, kule chini, episodi ya 10. Kwenye manga niliisoma kwa simu nikiwa kwa foleni ya kuchukua pasi ya chakula shuleni, nikaona ni watu wanakatana tu. Juzi nimeitazama usiku. Yule mama ndiye Kenpachi wa kwanza, hilo jina ni cheo, na anamfundisha kwa kumuua na kumponya, kumuua na kumponya, na anajua mwisho wa somo ni yeye kufa. Ni ile ile. Hawajabadilisha. Wamepunguza tu mwendo. Nilikuwa nimekimbia mimi, si Kubo.

Wafula 13:09
Hiyo nimeiona na ni nzuri. Sijasema hakuna nzuri. Nimesema mwisho.

Nekesa 13:10
Kubo alikuja akasema miaka ile alikuwa mgonjwa. Mwili ulikuwa umemkataa

Wafula 13:16
Pole yake. Lakini kazi ni kazi. Hawa wa anime wanapaka chokaa ukuta uliopinda. Karatasi ya kwanza ndiyo karatasi, ukianguka umeanguka, ile ya kurudia haifuti

Barasa 13:18
Haya maneno yanatoka kwako wewe? 😂

Barasa 13:18
Ujumbe huu umefutwa

Khisa 13:19
Barasa hapana.

Barasa 13:21
Nimefuta

Nekesa 14:40
Mwenye amechanga anitumie ujumbe wa M-Pesa ninakili jina

Nekesa 15:52
??

Kuka Mwalimu 17:48
Wajukuu wangu, mulembe. Nimesoma mazungumzo yenu yote tangu asubuhi. Brian alinisaidia kurudi juu. Nina maswali. Je, yule mzee mwenye fimbo alikufa?

Nekesa 17:49
Mulembe Kuka 🙏

Khisa 17:50
Mulembe Kuka. Ndiyo, Yamamoto, kapteni mkuu, alikufa, episodi ya 6.

Kuka Mwalimu 17:56
Aliuawa na nani?

Khisa 17:57
Na Yhwach, Kuka. Yule ambaye Yamamoto alishindwa kummaliza miaka 1000 kabla.

Kuka Mwalimu 18:03
Hm.

Kuka Mwalimu 18:20
Mlikuwa mkitazama mambo hayo sebuleni kwangu na mkadhani nimelala. Sikuwa nimelala. Yule mzee alikuwa na upanga ndani ya fimbo na hakuutoa ovyo. Nilimpenda.

Kuka Mwalimu 18:31
Sasa. Muhula wa pili wa mwaka ambao baba yenu Wanjala aliingia sekondari, nilimaliza silabasi ya darasa la nane nikiwa na malaria. Nilifundisha sehemu na asilimia nimeketi, nikaruka jometri. Watoto wale walifundishwa vibaya na wengine wao ni watu wazima hapa Kimilili, tunasalimiana sokoni. Sikuwaita tena niwafundishe jometri. Huyo Mjapani ameita.

Kuka Mwalimu 18:34
La pili. Wafula hakurudia mtihani kwa ajili ya mtu yeyote aliye humu. Jambo hilo lisitajwe tena katika simu yangu. Barasa, hata likifutwa mimi nimeliona.

Barasa 18:35
Samahani Kuka

Barasa 18:35
Samahani Wafula

Kuka Mwalimu 18:41
La tatu. Tarehe 27 saa nne asubuhi ni kikao cha Brian. Mwakani ni mwaka wa tohara na mjomba wake wa Chwele anakuja kuongea habari ya ng'ombe. Wanaume wote wa nyumba hii wawepo, wakiwa wamenyoa. Baada ya kikao sitauliza mnatazama nini. Mara ya mwisho mliniachia uniti 2 za stima na sufuria imeungua.

Shangazi Rose 18:43
Asante Baba. Sufuria ilikuwa yangu

Nekesa 18:50
Asante Kuka. Kwa hivyo ratiba: kikao saa nne, chakula saa saba, saa nane tunaanza. Hatutamaliza 40. Naomba tuchague, tuanzie wapi?

Khisa 18:52
1 hadi 7, halafu 10, halafu turuke mpaka 26

Nekesa 18:52
Huwezi kuruka, utaelewa nini

Khisa 18:53
Tumeisoma sote Nekesa

Junior 19:15
mimi sijaisoma. hii ni kama Naruto?

Barasa 19:15
Mtu amtoe Junior

Nekesa 19:20
Ama tulale, tumalizie Jumapili

Shangazi Rose 19:22
Jumapili ni kanisa

Nekesa 19:22
Baada ya kanisa Shangazi

Shangazi Rose 19:24
Baada ya kanisa kuna kuku wa kuchinjwa na nyinyi mtakuwa kwa tivi. Nani atashika kuku

Barasa 19:25
Kenpachi

Nekesa 19:31
Majina mpaka sasa
1. Nekesa
2. Barasa (masharti)
3. Khisa
4. Brian (ni kikao chake hana namna)
5. Junior?
Pesa iliyoingia: 300. Imetoka kwa namba ambayo sina jina lake. Ni nani?

Jumatatu, 15 Desemba

Nasimiyu 05:47
Nimeona sasa hivi, nimetoka zamu ya usiku. 27 niko kazini mchana. Naweza fika saa mbili usiku kama mtu atanichukua Kamukuywa. Na hiyo 300 ni yangu, nilitumia simu ya rafiki.

Nekesa 06:10
Nasimiyu nakupenda. Barasa, utakuja na ile pikipiki?

Nekesa 08:30
Barasa?

Nekesa 12:15
Barasa mimi naona tiki za buluu

Wafula 21:44
Nekesa, hiyo 26 iko kwa hadi disiki ama niipakue mwenyewe? Sisemi nakuja. Nauliza tu.

Nekesa 21:44
Iko!!! Anza 14 usiruke

Wafula 21:46
Bando ikiisha ni nyinyi

Khisa 21:47
Wafula angalia mpaka 26 halafu urudi hapa kabla hujaongea na mtu

Barasa 21:49
Ujumbe huu umefutwa

Wafula 21:49
Barasa, nimesoma kabla ufute.

Wafula 21:50
Eti Senjumaru wa Kikosi Sifuri anashona nini?

Nekesa 21:50
BARASA

Barasa 21:53
Nitachukua Nasimiyu Kamukuywa. Saa mbili. Bila masharti.

Nekesa 21:58
Na pesa?

Shangazi Rose 22:06
Kwa sufuria mniongeze 200