Kupinga ubaguzi bila silaha: mwanzo wake ni wapi?

Mwl_Uyole
Wakuu, habari za humu. Kidato cha nne hapa Mbeya wana mdahalo: kupinga ubaguzi wa rangi bila silaha kulianzia wapi? Wengi wanataja Montgomery, Marekani, 1955, watu weusi waliposusia mabasi. Natafuta mwanzo wa mbali zaidi, na hasa mbinu yenyewe ilifanyaje kazi. Kusema "hawakupigana" hakutoshi.

Mnyalukolo_Kihesa
Mwalimu, anza na Johannesburg, 11 Septemba 1906. Serikali ya Transvaal, koloni la Waingereza huko Afrika Kusini, ilitaka kila Mhindi kuanzia miaka 8 aandikishwe, atoe alama za vidole, atembee na kipande, yaani cheti cha kuandikishwa. Watu wapatao 3,000 walijaa Empire Theatre, Gandhi akiwemo, wakala kiapo: hatujiandikishi, hata kwa jela.

Ufundi uko hapa. Sheria ile haiendi bila mbaguliwa mwenyewe kupanga foleni na kutoa vidole vyake. Akikataa, imebaki kumfunga tu, na wakikataa wengi, jela zinafurika. Ndiyo maana walikataa kulipa faini: ukilipa unarudi nyumbani, na serikali imepata hela yako.

Januari 1908 wakapatana na serikali wajiandikishe kwa hiari, wakitegemea sheria ifutwe. Haikufutwa. Tarehe 16 Agosti, kwenye Msikiti wa Hamidia, vipande zaidi ya 2,000 vilitiwa kwenye chungu kikubwa cha chuma chenye miguu mitatu, vikamwagiwa mafuta ya taa, vikachomwa mbele ya umati. Mkazie hilo la hadharani. Anayekwepa kipande kwa siri ni mkosaji mmoja wa kukamatwa. Wakichoma kwa pamoja, ni sheria yenyewe inayoumbuka.

Tena usisahau chakula, maana mfungwa akisikia wanawe wana njaa, kiapo kinalegea. 1910 Hermann Kallenbach, rafiki wa Gandhi, alitoa shamba la ekari 1,100 ili familia za wafungwa ziishi humo. Katika maandamano ya Novemba 1913 ya kupinga kodi ya pauni 3 waliyotozwa Wahindi waliomaliza mikataba ya kazi huko Natal, posho ya mtu kwa siku ilikuwa ratili moja na nusu ya mkate na wakia moja ya sukari. Kodi ikafutwa 1914.

Mwanamke_wa_Tukuyu
Yote kweli, lakini wanafunzi waambiwe pia kwamba harakati hizo ziliwapigania Wahindi tu, Waafrika hawakuhusishwa. Na Mei 1913, miezi kabla ya maandamano hayo, wanawake weusi na machotara wa Bloemfontein walishaandamana hadi ofisi za mji kukataa vipande. Mwaka uliotangulia walipeleka barua yenye sahihi zipatazo 5,000, hawakusikilizwa. Walipokamatwa wakakataa faini, wakaenda jela. Winburg na Jagersfontein nako kukawaka. Inaniuma kwamba vitabu vinawaruka.

Mwl_Uyole
Asante sana dada, na wewe mkuu. Mbona basi ANC, chama cha Waafrika wa Afrika Kusini cha kupinga ubaguzi, walikuja kushika silaha?

Mnyalukolo_Kihesa
Kwanza walijaribu bila silaha. Kampeni yao ya ukaidi, yaani kuvunja sheria za ubaguzi kwa makusudi, ilianza 26 Juni 1952: vikundi vidogo vyenye kiongozi vikaingia milango ya "Wazungu tu" kwenye stesheni, kwa makusudi wakamatwe. Zaidi ya 8,000 walikamatwa. 1953 serikali ikapandisha adhabu: ukivunja sheria kwa nia ya kupinga, faini hadi pauni 300, jela miaka 3 au viboko 10. Kifungo cha wiki chache watu walikivumilia. Miaka 3 ni mzigo mwingine kabisa. Kisha Sharpeville, 21 Machi 1960: polisi wakaua watu 69 waliokuwa wakipinga pasi, yaani vipande walivyolazimishwa Waafrika kutembea navyo. Mandela alipopita hapo kwenu Mbeya Januari 1962, Umkhonto we Sizwe, tawi la silaha la ANC, ilikuwa imeanza mwezi mmoja tu nyuma.