V8 unayo, pesa ya pedi za breki huna! Mafundi wa Arusha tumechoka

Wakuu salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuzificha. Mimi ni fundi magari, gereji yangu iko Unga Limited hapa Arusha. Ukichungulia uani kwangu utadhani wizara nzima imehamia: V8 (zile Landkruza kubwa), Prado, Discovery, BMW X5. Zote zimelala. Wenyewe simu hawapokei, na wakipokea ni "fundi vumilia mwisho wa mwezi". Mwisho wa mwezi wa mwaka gani?

Kilichonitibua ni cha juzi. Kaja bosi mmoja na V8, anasema inapiga kelele mguu wa mbele na anataka kwenda Rombo na familia. Nafungua tairi, pedi zimekwisha kabisa, chuma kinasaga diski mpaka imechimbika mifereji. Naangalia tairi lenyewe: ubavuni zimeandikwa tarakimu nne, 0815. Kwa wasiojua, hiyo ni wiki ya 8 ya mwaka 2015. Mpira umekauka, begani una nyufa ambazo kucha inaingia. Alinunua mtumba, matairi yote manne, kwa sababu mapya ya saizi 285/60 rimu 18 aliposikia bei yake alishika kichwa. Gari ina uzito wa zaidi ya tani mbili na nusu, inapandisha Marangu mpaka Mwika kwenye kona zile, halafu jioni inashuka, watoto wako nyuma. Namwambia bosi, hii haiendi popote. Ananijibu: "Wewe nifungie used za kunifikisha tu, nikirudi tutaongea."

Nikakataa. Akaondoka ananitukana, na najua kuna gereji wamemfungia.

Sasa mtu huyu huyu gari yake ameipata kwa mkopo wa SACCOS, wadhamini wawili wa ofisini kwao, na pengo akalijazia kwa kuweka kadi ya gari kwa hawa wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kali. Kaniambia mwenyewe kwa mdomo wake, tena kwa majivuno, kwamba "mwanaume ni kupambana". Pesa yote imeishia kwenye kuipata. Ya kuiendesha hakuibakiza hata shilingi.

Najua kuna watakaokuja hapa waseme ni ushamba tu, wajinga ndio waliwao. Mimi nabisha. Kazi yangu inanipa nafasi ya kuona kitu ambacho wengi hamkioni. Gari ya mteja ikipona lazima niifanyie majaribio barabarani, na mara nyingine napitia nayo sehemu. Nikiingia kwenye hoteli fulani hapa mjini na Prado ya mtu, mlinzi anakimbia kufungua geti, saluti, "karibu mzee", hata hajaniuliza naenda kwa nani. Nikirudi kesho yake kumfuata mhasibu aliyenipa kazi, nipo na Probox yangu, mlinzi yule yule ananisimamisha nje: unaenda wapi, una miadi, andika jina, paki kule nje karibu na mtaro. Sura ni ile ile, ovaroli ni ile ile.

Na haiishii kwa mlinzi. Afisa mikopo anachungulia dirishani kuona umeshuka kwenye nini. Kamati ya harusi inakupanga meza kwa kuangalia funguo uliyoweka juu ya meza. Ukienda kuposa na IST, kale kagari kadogo ka Toyota, wajomba wanaulizana pembeni kijana anafanya kazi gani hasa. Mtu akiyaona haya miaka mitano mfululizo, anakuwa na hesabu yake kichwani, kwamba gari ndiyo kitambulisho. Kwa hiyo ninapowakasirikia wenye V8 nawakasirikia na ninyi mnaowapangia meza ya mbele. Mnajua kabisa yule ana madeni, wengine ndio mliomdhamini, na bado mnamwita mheshimiwa kwenye kipaza sauti.

Halafu kuna hili ambalo madalali wa yadi hawakuambii kamwe. Unaona Discovery ya mwaka 2010 bei yake sawa na Toyota ndogo ya miaka ya karibuni, unasema hii ni zali. Jiulize kwa nini imeshuka hivyo. Aliyeiuza Uingereza au Japani ameikimbia! Kule Japani gari mpya inakaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi wenyewe unakula pesa. Na gari ya petroli ikipita miaka 13 kodi yake inapanda. Kwa hiyo mwenyewe anaitoa wakati gharama zinaanza kumwelemea, wewe unaipokea hapo hapo zilipoanzia. Bei imeshuka, lakini bei ya spea haijashuka hata senti moja. Kompresa ya shokapu za upepo haijui kwamba umenunua gari kwa bei ya kutupa. Ikifa, asubuhi unaikuta gari imelala tumbo upande mmoja, na turbo ikienda, kwenye hizi Discovery mafundi wengi tunalazimika kuinyanyua bodi nzima itoke kwenye chasisi ndiyo mkono ufike. Mteja nikimtajia bei ya ufundi anasema namwibia.

Prado za D-4D, ile injini ya dizeli ya cc 3000, nozeli zinazopuliza mafuta kwenye injini zikianza kuchoka zinataka kupimwa kwenye mashine na kubadilishwa nne zote. Watu wanataka nibadilishe moja. Nikikataa, wanaenda kwa mtu anayeisafisha na kuirudisha, inatembea wiki mbili, halafu inarudi kwangu juu ya gari ya kuvuta na pistoni imetoboka. Hapo ndipo wanapoanza kuniita ndugu yangu.

Na kodi. Jamani kikokotoo cha TRA kiko wazi kwenye mtandao, bure, kwa nini hamkiangalii kabla ya kulipa Mjapani? Ushuru wa forodha asilimia 25. Injini ikizidi cc 2000 unaongeza ushuru wa bidhaa 10. Gari ikipita miaka 10, kuna uchakavu asilimia 30. Juu ya hayo yote VAT 18. Gari ambayo TRA wameithamini milioni 20 mpaka kufika bandarini, injini ya 2400, ya miaka 12, kodi hizo peke yake zinapita milioni 21. Yaani umenunua gari mbili na umepewa moja. Kuna dada mmoja, mwalimu, alilipia Harrier yake akidhani amemaliza. Imefika Dar, kodi hana, gharama za kuhifadhi bandarini zinahesabu kila siku, akakimbilia mkopo wa riba ya mwezi. Gari kaitumia miezi michache tu, vijana wa mikopo wakaja kuichukua hapa hapa gerejini kwangu na karatasi zao mkononi, yeye analia. Mimi nikabaki na deni la ufundi ambalo sijui nimdai nani.

Mafuta sitayasemea sana kwa sababu kila mtu anayajua. Ila mwezi wa nane 2022 petroli ilivuka 3,400 kwa lita na gari za injini ya cc 4700 ziliendelea kushushwa kama kawaida. Arusha mpaka Moshi ni kama kilomita 80: ile V8 ya petroli inakunywa lita 14 hadi 16, IST haifikishi hata 7. Ndiyo maana pale sheli unaona shangingi linawekewa mafuta ya elfu ishirini, vioo vimepandishwa.

Nisieleweke vibaya. Landkruza ya kupeleka wageni Serengeti ni jembe, inaingiza pesa, na hata hao mwaka 2020 wageni walipokatika waliokuwa na mikopo walipata tabu ya kweli. Mkulima wa Karatu anayebeba vitunguu na Hilux, nampa heshima yake. Mwenye uwezo wa V8 na ya kuihudumia, atembee nayo kwa raha zake, hao ndio wateja wangu wazuri, wanakuja kumwaga oili kwa wakati na hatugombani. Nawazungumzia wale ambao gari inakula ada za watoto. Mama mmoja wa Sakina alikuja kwangu mwenyewe, mume hajui, kuniuliza kama naweza kumwambia mume wake kwamba gari haitengenezeki, ili aiuze. Watoto walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa ada. Gari iko uani kwangu inasubiri gia boksi.

Na Desemba ndiyo hii inakuja. Kila mtu anataka aonekane Machame, Kibosho, Rombo, ndugu wakihesabu nani kaja na nini mwaka huu. Wengine wanakodi Dar, afadhali hao kuliko wanaokopa. Kuanzia Novemba simu yangu haipumui: fundi nifikishe tu, fundi nifungie used, fundi zima hiyo taa ya injini kwenye dashibodi isionekane. Taa inazimwa, tatizo linabaki, na mtu anashika barabara ya Same usiku.

Basi kwangu msimu huu utaratibu ni huu. Breki na tairi za mtumba sifungi, hata ukileta mwenyewe. Taa ya injini sizimi bila kutengeneza kilichoiwasha. Pesa ya spea inawekwa mezani kabla sijashika spana. Na ninyi ambao gari zenu zimelala uani mnajijua. Mpaka mwisho wa mwezi huu mje mlipe, au mlete spea, au mje na wa kuzivuta. Baada ya hapo kila siku ya kulaza nitaiandika, na barua nitapitisha kwa mwenyekiti wa mtaa.